Bata mzinga wa pilipili kwa sandwichi: Salsalito au PepperMill?

Mkuu, umeuliza kati ya Salsalito na PepperMill, nyama za bata mzinga zenye viungo za Boar's Head (chapa ya Marekani ya nyama za slaisi), ipi inafaa sandwichi, na kwa nini nyama za pakiti hazikuwashi. Usizilinganishe kwa ukali tu. PepperMill ni pilipili manga iliyopondwa: inauma haraka, kisha inapoa. Salsalito ina ladha ya salsa (mchuzi wa nyanya na pilipili), na mimi ndiyo ningeichagua kwa mkate mweupe.

Tatizo la nyingi za aina hii ni kwamba viungo vimepakwa upande wa nje tu. Tazama slaisi: ukingo mwekundu au mweusi mwembamba, katikati nyeupe kabisa. Ikikatwa nene, unatafuna nyama tupu. Omba ikatwe nyembamba sana, karibu kuona mwanga, kisha uikunjekunje badala ya kuilaza bapa, ili kila tonge lipate ukingo.

Kwa nyama za pakiti, soma lebo. Maji yakitajwa mapema na wanga ukifuatia, nyama itateleza na kulowesha mkate. Ifute kwa karatasi ya jikoni kwanza. Linganisha sodiamu (kipimo cha chumvi kwenye lebo) kwa kila gramu 56 za nyama, maana chumvi nyingi hudanganya ulimi.

Mayonezi na jibini hupunguza mwasho, kwa hiyo paka kidogo, upande mmoja tu. Ukishafungua pakiti, weka nyama kwenye friji chini ya nyuzi 5 za Selsiasi na umalize ndani ya siku 3 hadi 5. Kama ni ya kuliwa na mjamzito, ipashwe moto hadi itoe mvuke.