Kwa Mwalimu Aliyekabidhiwa Ufunguo wa Maktaba

Huenda wewe ni mwalimu wa Jiografia au wa Kiswahili uliyepangiwa kituo chako cha kwanza hapa Dar es Salaam, na katika kikao cha mwanzo wa muhula mkuu wa shule amelitaja jina lako mwishoni kabisa, baada ya mwalimu wa michezo na mlezi wa skauti, akasema kwamba utasimamia pia maktaba. Mimi niliupata ufunguo wangu kwa namna hiyo hiyo. Sikuwa nimesomea ukutubi, vipindi vyangu vya darasani havikupunguzwa hata kimoja, na hakuna aliyenieleza kazi yenyewe ni ipi. Mengi ya haya ninayokuandikia nimeyajua baada ya kuyakosea.

Kosa la kwanza nililifanya siku ya kwanza. Mwalimu niliyempokea alikuwa amehamishwa na gari lilikuwa linamsubiri, nami nikatia saini hati ya makabidhiano tukiwa tumesimama mlangoni. Mwezi mmoja baadaye nilipoketi kuhesabu, sehemu kubwa ya vitabu vilivyotajwa kwenye hati havikuwamo, na kwa mujibu wa maandishi mimi ndiye niliyevipokea. Vitabu vya shule ya serikali ni mali ya umma, hivyo upungufu huo si jambo la kumalizwa kwa maneno ya pole. Hesabu kwanza, saini baadaye. Ukilazimika kusaini siku hiyo hiyo, andika kwa mkono wako chini ya hati kwamba vitabu havijahesabiwa, taja siku utakayohesabu, na mwombe makamu wa mkuu wa shule ashuhudie.

Baada ya kuhesabu, fungua rejesta ya kupokelea vitabu, daftari gumu lenye mistari, na uijaze kwa kalamu ya wino. Kila nakala ipewe namba yake, hata kama ni nakala ya kumi ya kitabu kile kile: tarehe iliyoingia, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, bei, na ilikotoka, yaani imenunuliwa, imeletwa na serikali au ni msaada. Piga muhuri wa shule kwenye ukurasa wa jina na kwenye ukurasa mmoja wa ndani utakaouchagua wewe, uwe huo huo kwa vitabu vyote, kwa sababu ukurasa wa mbele ndio unaochanwa kwanza kitabu kinapopelekwa kuuzwa. Watu watakushauri uanze moja kwa moja na programu ya kompyuta. Ipo Koha, isiyolipiwa leseni, iliyoanzia New Zealand mwaka 1999 na inayotumiwa na maktaba nyingi kubwa duniani. Lakini kwa maktaba ya vitabu elfu mbili inayosimamiwa na mwalimu mmoja mwenye vipindi vyake, rejesta ya karatasi pamoja na jedwali la kawaida la kompyuta vinatosha, na rejesta haizimiki umeme wa LUKU unapokwisha.

Jambo la pili linahitaji ujasiri kidogo. Chumba nilichokabidhiwa kilikuwa na maandishi ya MAKTABA juu ya mlango, lakini ndani kilikuwa stoo: vitabu vya kiada vilivyofungwa kwa kamba, viti vibovu, na maboksi ya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Vitabu vya kiada vina utaratibu wake. Hugawiwa darasani mwanzoni mwa mwaka na kurudishwa mwishoni, na vikikaa katikati ya maktaba hukufanya uwe mtunza stoo usiyekuwa na muda wa msomaji hata mmoja. Omba kabati lingine, ofisi ya taaluma, au hata kona ya chumba cha walimu, uvihamishie huko. Mkuu wa shule wangu alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwalika aje saa nne, wakati wa chai, aone wanafunzi waliokuja kusoma wakisimama nje kwa sababu ndani hapakuwa na pa kuweka mguu. Vitabu vilihama wiki ile ile.

Kuhusu kupanga rafu, utaelekezwa kwenye mfumo wa Melvil Dewey, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, unaogawa maarifa katika makundi makuu kumi kuanzia 000 hadi 900. Ni mfumo mzuri na ninakushauri uutumie, kwa tarakimu tatu tu pale inapowezekana, ili mwanafunzi atakayeingia kesho Maktaba Kuu ya Taifa au ya chuo kikuu akute utaratibu anaoufahamu. Hata hivyo, uelewe kwamba ulibuniwa na Mmarekani wa karne ya 19 aliyeupanga ulimwengu kama alivyouona kutoka kwao. Katika kundi la dini, 200, sehemu kubwa ya namba imetengewa Ukristo, ilhali Uislamu wote umekalishwa kwenye 297. Lugha ya Kiswahili utaikuta 496.392, na fasihi yake 896.392, yaani mwishoni mwa foleni katika kila kundi, nyuma ya Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na vingine vingi. Kwa shule ya Dar es Salaam, ambako mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo hukaa dawati moja na wote hucheka na kugombana kwa Kiswahili, ukifuata mpangilio huo rafu kwa rafu utaviweka vitabu wanavyovipenda zaidi kwenye kona yenye giza. Mimi niliziacha namba kama zilivyo katika rejesta na kwenye migongo ya vitabu, lakini riwaya, tamthiliya na diwani za Kiswahili nikazipa rafu ya kwanza karibu na mlango, zikiwa na utepe wa kijani mgongoni. Mkutubi mmoja aliyesomea Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka, alinikosoa kwa kuvuruga mfululizo, nami nilikubali kwamba nimeuvuruga. Utepe wa kijani uko pale pale.

Hali ya hewa ya jiji hili nayo ni adui wa karatasi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ukuta wa nje huvuta maji na rafu iliyoegemea ukuta huo hugeuza vitabu kuwa na ukungu kabla ya mvua kuisha. Sogeza rafu upana wa kiganja kutoka ukutani, rafu ya chini kabisa iinuliwe juu ya matofali kwa sababu ya mchwa na maji, na fungua madirisha mchana hata siku usiyotarajia msomaji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningelitanguliza kama si hofu ya kukutisha. Katika shule zetu maktaba nyingi hufa kwa kufungwa, ni chache zinazokufa kwa kukosa vitabu. Mwalimu hupewa vitabu kwa saini, hujua kwamba kila kinachopotea atakiulizwa yeye, na hivyo busara ya kawaida humwambia afunge kabati na aweke ufunguo mfukoni. Hakuna mkaguzi atakayemlaumu, maana hesabu yake ni kamili na vitabu ni vipya. Nilifanya hivyo mwaka wangu wote wa kwanza. Mwaka wa pili nilianza kuazimisha, kitabu kimoja kwa wiki moja, jina na sahihi ya mwanafunzi kwenye daftari, na mwisho wa mwaka vitabu kadhaa havikurudi. Niliandika taarifa nikieleza kila kimoja: kilichopotea kwenye daladala, kilicholowa nyumba ilipoingiwa na maji bonde la Msimbazi lilipofurika, kilichokwenda na mwanafunzi aliyehama bila kuaga. Taarifa hiyo ilipokelewa bila matatizo, kwa sababu upotevu ulioandikwa ni gharama ya huduma, na usioandikwa ni tuhuma. Usitoze faini ya fedha. Mtoto asiyekuwa na nauli hataleta faini, ataacha tu kuja maktaba. Aliyepoteza alete kitabu kingine chenye manufaa, kiwe cha mtumba, au asaidie kukarabati vilivyochanika.

Saa za kufungua zipangwe kwa kuangalia maisha ya wanafunzi wako. Wenzetu wa shule za bweni hufungua jioni, nami niliwaiga nikakaa peke yangu hadi saa kumi na moja. Mwanafunzi anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto na kusoma mjini anajua kwamba akichelewa kutoka atagombania daladala na watu wazima wanaorudi kazini, na konda hana haraka ya kumpakia mlipa nauli ya mwanafunzi. Asubuhi, kinyume chake, wengi hufika mapema mno kwa hofu ya foleni. Nilipohamishia saa zangu kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu, kisha mapumziko ya chai, chumba kilijaa. Zaidi ya hapo, pigania kipindi kimoja cha maktaba kwenye ratiba kwa kila mkondo, kuanzia kidato cha kwanza. Hao ndio wenye shida kubwa kuliko wote: wametoka shule ya msingi ambako masomo yao yalifundishwa kwa Kiswahili, wakaingia mahali ambapo Biolojia na Jiografia zimegeuka Kiingereza ndani ya likizo moja. Wawekee hadithi fupi za Kiingereza chepesi kando ya kamusi, na vitabu vya Kiswahili juu ya mada ile ile wanayosoma darasani, ili wasome jambo kwa lugha wanayoimudu kabla ya kulikuta kwa lugha wanayojifunza.

Utaletewa vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, wakati mwingine maboksi kwa maboksi. Shukuru, pokea, halafu chambua bila huruma. Nimewahi kupokea mafungu ya vitabu vya kiada vya Marekani vyenye historia ya jimbo moja la huko, na miongozo ya programu za kompyuta ambazo mashine zake hazipo tena. Kitabu cha namna hiyo hukaa rafuni miaka kumi kikiifanya maktaba ionekane imejaa, na kiongozi anayepita hukataa kununua kingine. Ukiwa bado hujakiingiza kwenye rejesta, uko huru kukikataa. Ukishakiingiza ni mali ya shule, na kukiondoa kunahitaji kibali cha maandishi. Kwa hiyo chambua kabla ya kupiga muhuri.

Kuna pia suala la kile kinachoitwa kituo cha midia, ambalo sasa kila mfadhili analizungumza. Wazo hilo si geni. Nchini Marekani, baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1965 kutenga fedha za vitabu na zana nyingine za kujifunzia za maktaba za shule, viwango vilivyotolewa mwaka 1969 vilianza kuiita maktaba ya shule kituo cha midia, kwa maana kwamba filamu, santuri, kanda na picha ziwekwe chini ya paa moja na vitabu, zikihudumiwa na mtu mmoja anayejua kumsaidia mwalimu kupanga somo. Angalia mwisho wa sentensi hiyo. Vifaa bila mtu huyo ni maonyesho. Nilitembelea shule moja yenye kompyuta kumi zilizofunikwa vitambaa vya kudarizi kama makochi ya sebuleni, na ufunguo wa chumba ulikuwa na mtu aliyekwenda masomoni. Kwa maoni yangu, kompyuta moja inayofanya kazi bila intaneti, yenye programu kama Kolibri iliyopakiwa masomo mapema, pamoja na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania ulivyovisoma kwenye maktaba mtandao yake ukajua kipi kinafaa kwa kidato gani, ina faida kuliko chumba kizima kinachosubiri bando.

Mtu huyo anayemsaidia mwalimu kupanga somo ni wewe. Usisubiri walimu wenzako waje. Nenda na kitabu mkononi chumba cha walimu. Nilimwendea mwalimu wa Historia aliyekuwa anafundisha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, nikamwonyesha vitabu vitatu vinavyoeleza chanzo chake kwa mikazo tofauti, tukatunga zoezi moja: wanafunzi waeleze vitabu hivyo vinapingana wapi. Kwa mara ya kwanza swali la darasani halikuweza kujibiwa kwa madaftari ya kaka zao, na kwa wiki mbili nilipata kazi ya kuwatenganisha waliogombania nakala.

Tafuta siku moja ya likizo uende Maktaba Kuu ya Taifa, mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Bodi ya Huduma za Maktaba inayoiendesha inashauri pia shule zinazoanzisha maktaba, na wakutubi wake wamenijibu maswali mengi ambayo nilikuwa naona aibu kuyauliza shuleni.

La mwisho ni fedha. Nilikuwa naingia kwenye kikao cha bajeti na ombi la jumla la vitabu, na kila mwaka ombi hilo lilikatwa ili ununuliwe wino wa mashine ya kurudufu. Kisha nikaanza kuweka daftari dogo kaunta, ambamo mwanafunzi aliyekosa kitabu alichokitaka aliandika jina la kitabu hicho, kidato chake na tarehe. Kwenye kikao kilichofuata sikusema mengi. Nilimpa mkuu wa shule daftari hilo. Alilipekua kimya, akasimama kwenye ukurasa mmoja ambao jina la kitabu kimoja cha Fizikia lilikuwa limeandikwa na kidato cha nne karibu chote, akamgeukia mhasibu na kumuuliza kitabu hicho ni shilingi ngapi.