Leseni niliirudisha mwenyewe

Wiki iliyopita mdogo wangu wa Igoma, kule kwetu Mwanza, alinipigia simu, akashusha sauti: "Dada, huku wanasema umeishiwa makaratasi. Ndiyo maana gari umeuza, na hela ya dawa za mama ikachelewa siku 11. Ni kweli?" Nawajibu wote kwa pamoja, na shangazi zangu wa Kirumba wasomeeni.

Makaratasi yangu ya kuishi Uingereza yako sawasawa. Kilichotoka mkononi ni leseni ya udereva. Oktoba 2024 nilianguka kifafa jikoni kwa bibi mmoja niliyekuwa namhudumia hapa Leicester. Nilizinduka sakafuni, ulimi nimeuuma, bibi wa watu kapiga magoti ananishika mkono na kuniuliza jina langu. Sikulikumbuka. Mwezi uliofuata nikaanguka tena, daktari akasema ni kifafa, na dawa nikaanza.

Sheria ya huku inataka mwenye kifafa aiarifu mamlaka ya leseni. Ukinyamaza, faini inafika pauni 1,000. Kuendesha tena gari dogo ni mpaka mwaka mzima upite bila kuanguka. Wapo walionishauri ninyamaze, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa ya kuzunguka na gari nyumba hadi nyumba kwa wazee. Nilifikiria watoto wanaovuka barabara pale shuleni karibu na kwangu, nikaitia ile kadi ya waridi kwenye bahasha. Picha yake nilipiga na misuko aliyonisuka mama nilipokuja likizo. Niliitazama mpaka mtu wa nyuma kwenye foleni ya posta akaniuliza kama nimemaliza.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo maneno ya mtaani yalipozaliwa. Uingereza haina kitambulisho cha taifa kama chetu cha NIDA. Walitunga sheria ya vitambulisho mwaka 2006, wakaifuta 2010. Kwa hiyo watu hutoa leseni ya gari: kuchukua kifurushi, kufungua akaunti, kupanga nyumba. Asiye na leseni hutoa pasipoti. Sisi wageni tulikuwa na kadi ya ukaazi yenye picha, lakini kadi zile ziliisha muda tarehe 31 Desemba 2024, na ukaazi wetu ukahamia kwenye mtandao. Mwajiri au mwenye nyumba unampa namba maalumu unayoitoa mtandaoni, anaangalia mwenyewe. Mkononi huna kitu. Pasipoti yangu nayo iliisha Februari, nikawa naisubiri mpya.

Basi mwezi wa tatu nikaenda dirishani kutuma hela ya dawa. Binti wa dirishani aliniomba kitambulisho chenye picha. Nikamfungulia ukaazi wangu kwenye simu, nikatoa barua ya kodi, nikatoa taarifa ya benki yenye anuani yangu. Akatikisa kichwa. Miaka tisa nalipa kodi nchi hii, na siku ile nilitoka mle ndani kama mtu asiyejulikana na yeyote. Nililia kituoni. Kwetu ningekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, anamjua mama, anamjua marehemu baba, anaandika barua, anagonga muhuri, yamekwisha. Huku mtaa hauna mwenyekiti wa namna hiyo.

Baadaye nilipata kadi inayotolewa kuthibitisha umri, ina picha na alama ya PASS, yaani alama ya kuonyesha kadi ya umri ni halali, na mtu yeyote anaweza kuiomba. Mtu wa taaluma anayekufahamu ndiye anayethibitisha kwamba picha ni yako. Kwangu alikuwa muuguzi mkuu wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi sasa, kazi isiyohitaji gari. Alipoweka sahihi ile nikamkumbuka mwenyekiti wetu.

Nina pia kadi ya basi ya bure, ambayo England huwapa hata wale ambao wangenyimwa leseni kwa sababu za afya. Siku za kazi inaanza saa tatu na nusu asubuhi. Zamu yangu ni saa moja, kwa hiyo kwenda nalipa, kurudi silipi. Kadi hiyo inakubalika hata kituo cha kupigia kura, na Mtanzania mkaazi ana haki ya kupiga kura huku kwa kuwa nchi yetu ni ya Jumuiya ya Madola.

Unayejiandaa kuja, nakuomba usitegemee kadi moja. Pasipoti ianze kushughulikiwa mapema, ikiwa bado na muda.

Na neno kifafa nimeliandika wazi kwa sababu ya binamu yangu pale Mwaloni. Baba yake alikuwa mvuvi, akaanguka mara mbili mtumbwini, wenzake wakamkataza kwenda ziwani, akaona wamemdharau. Mara ya tatu alianguka akiwa nchi kavu, anaanika nyavu, akaamka. Binamu, nasikia na wewe umeanza, na bado unaendesha bodaboda kutoka Buzuruga usiku. Nenda hospitali ya Bugando wiki hii. Nauli nimemtumia mama jana, na dirishani nilitoa pasipoti mpya.