Deki ya mama haina kosa

SWALI: Shikamoo fundi. Mwezi uliopita tulimuoza mdogo wangu hapa Dar. Mpiga video katupa flashi yenye mafaili mawili ya MP4, kanisani na ukumbini, jumla GB 7. Mama yuko Muheza, miguu ilimzuia kusafiri. Ana TV ya chogo na deki ya zamani isiyo na tundu la flashi. Nimechoma DVD mbili kwa laptopu yangu, na kwangu zinacheza safi. Kwa mama, ya kwanza iliandika NO DISC, ya pili ikazunguka weee, ikakataa. Jirani anasema deki imekufa lenzi, mbona kwaya zake za zamani zinacheza? Kila Jumapili ananiuliza harusi yake iko wapi.
Kaka wa bibi harusi

JIBU: Marahaba. Mwambie jirani aiache hiyo lenzi. Deki inayocheza kwaya ni nzima.

Siku ukienda, chukua diski moja ya kwaya uifungue kwenye laptopu. Utakuta folda la VIDEO_TS, ndani yake mafaili yanayoishia na VOB, IFO na BUP. Fungua na ya kwako: MP4 tupu. Deki ya umri ule inataka video ya MPEG-2 (aina ya video ya DVD) iliyopangwa ndani ya folda hilo, basi. Laptopu haichagui chakula, ndiyo maana ilikudanganya.

Windows nayo ina mtego. Ukiweka diski tupu inakuuliza: uitumie kama flashi, au kwa deki ya CD/DVD? Nahisi ile ya NO DISC uliichoma kama flashi. Jibu la pili linasikika kama ndilo, lakini halibadilishi video; linaibeba MP4 ilivyo na kuifunga diski.

Pakua DVDStyler, programu ya bure itakayoigeuza MP4 yako iwe hivyo. Chagua PAL (mfumo wa TV za kwetu), uwiano wa picha 16:9, na ukiulizwa menyu chukua ile isiyo na menyu, mama abonyeze plei tu. Na usihesabu GB, hesabu dakika. Diski ya GB 4.7 (kompyuta itakuonyesha 4.38, hujaibiwa) inabeba saa mbili kwa picha ya kuridhisha. Ukishindilia saa nne, nyuso za wageni zitakuwa vigae. Kanisani diski yake, ukumbini yake. Sherehe ikizidi saa mbili, ikate mahali wanapoanza kula.

Kwanza iambie DVDStyler itengeneze ISO, yaani faili moja lenye diski nzima, uitazame kwa VLC, programu ya kuchezea video. Kuitengeneza huchukua masaa kwa laptopu ya zamani, kwa hiyo hakikisha betri ina chaji, umeme usije ukakukatikia njiani. Ukiridhika, choma ISO hiyo kwenye diski tupu iliyoandikwa DVD-R, maana deki nyingi za zamani huielewa kuliko DVD+R. Kasi iwe 4x. Ni kama robo saa, kapike chai.

Usiniambie diski imeandikwa 16x. Mwaka 2009, nikiwa na kibanda cha kuchoma CD Morogoro, nilichoma DVD 20 za harusi moja kwa 16x kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Juu nikabandika stika za maua. Kesho yake mama mmoja akanirudishia 11 zimefungwa kwenye kanga: zote ziligandia kwenye kukata keki. Nikazirudia bure, taratibu, bila stika, maana stika ikikaa upande diski inatikisika. Andika jina kwa maka peni, upande usiong'aa.

Kabla hujampa kondakta wa basi la Muheza, ijaribu kwenye deki ya mtu mwingine, siyo laptopu tena. Flashi usiifute. Na zile mbili ulizoharibu, kama mama ana kishamba cha mpunga, zitungwe kwenye kamba. Ndege wanaziogopa sana.