Kabla hujaandika "Wahindu wanaamini..."

Wadogo zangu, nimesoma rasimu zenu sita za utafiti wiki hii na tano zinaanza vilevile: "Tangu zama za kale Wahindu wanaamini..." Kabla hamjaingia uwandani, nisikilizeni.

1. Mhindi si lazima awe Mhindu. Mtaa mmoja una Bohora na Ismailia, wote Waislamu, una Singasinga na Mgoa anayekwenda misa. Ulizeni.

2. Jina "Mhindu" lenyewe lina historia. Waajemi walilitumia kwa watu wa ng'ambo ya mto Sindhu, yaani Indus. Sensa za Waingereza huko India, kuanzia miaka ya 1870, zikataka kila mtu atajwe kwa dini moja, hata yule aliyezoea kujitambulisha kwa jati, yaani tabaka alilozaliwa, au mungu wa ukoo wake. Mwaka 1893 Tilak, mwanasiasa wa India, akahimiza sherehe ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, ifanywe hadharani. Mwaka huohuo Vivekananda, mtawa, akahutubia mkutano wa dini Chicago kwa jina la Uhindu.

3. Msiende na jibu mfukoni. Mimi nilikwenda nalo. Nilikuwa na dodoso 40, na swali la nne liliuliza: "Katika hekalu lenu mnaabudu sanamu zipi?" Nikaingia ukumbi wa Arya Samaj, jumuiya ya Kihindu, Dar es Salaam, nikamwamkia mzee mmoja, nikamsomea. Akanyamaza. Kisha akanishika mkono hadi kwenye chombo cha shaba cha pembe nne, majivu ya moto wa asubuhi bado yananukia samli. "Tazama kuta, mwanangu. Umeona sanamu?" Hapakuwa na hata moja. Dayananda Saraswati aliianzisha jumuiya hiyo Bombay mwaka 1875 akikataa sanamu na kuwaita watu warudi kwenye Veda, maandiko matakatifu ya kale. Kufikia 1903 ilikuwa Nairobi. Babu wa mzee yule alitengwa na nduguze kwa kuzikataa sanamu, nami nikamkabidhi mjukuu wake zilezile, zimepigwa chapa. Haya yote yalikuwamo kitabuni. Sura ile niliiruka kwa kudhani naijua. Aliniagizia chai. Haikupita kooni. Mpaka leo nikiukumbuka mkono ule, uso unaniwaka.

4. Vueni viatu, zimeni simu.

5. Msimpime mtu "uhalisi". Anayemimina samli motoni na anayeivisha sanamu ya mungu Krishna shada la maua wote hujiita Wahindu, na watoto wao huoana. Jumapili iliyofuata nilirudi na daftari tupu. Mzee akasogea, nikakaa.

Rasimu nazirudisha kesho. Aya za kwanza nimezikata zote tano.