Usiisugue kwanza: beji niliyoiita ya Mjerumani

Jumanne iliyopita kijana mmoja wa Same alinitumia picha tatu na ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimepata beji ya Mjerumani shambani kwa babu. Nimeisugua na steel waya hadi imewaka kama dhahabu. Inauzwa shilingi ngapi?"

Nikafungua picha. Kweli ilikuwa inawaka. Iling'aa kiasi kwamba herufi zilikuwa zimelala, na pale katikati palipokuwa na mchoro palibaki uvimbe laini kama kokoto ya mtoni. Niliweka simu mezani nikatoka nje kidogo. Sikumkasirikia yule kijana hata chembe. Nilichokiona kwenye picha ile ni mikono yangu mwenyewe ya mwaka 2017.

Basi leo naandika yote, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ditekta, mashine ya kutafutia madini na vyuma ardhini, au mnajichangachanga kununua, na siku moja itawalilia juu ya kitu ambacho si dhahabu.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Kwetu kitu chochote cha zamani ni cha Mjerumani. Boma ni la Mjerumani, mwembe mkubwa aliupanda Mjerumani, ukiokota msumari uliopinda mtu atakwambia huo ni wa Mjerumani. Na nyuma ya maneno hayo kuna ndoto moja tunayoijua sote: mali ya Mjerumani, masanduku ya rupia yaliyofukiwa wakati anakimbia. Nami niliinunua ndoto hiyo pamoja na ditekta iliyokwishatumika kutoka kwa mchimbaji wa Chunya aliyekuwa ameishiwa. Nilikuwa nimesikia habari za ile sarafu ya rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, zipatazo 16,000 hivi. Nilijiambia nikipata tano tu maisha yamebadilika.

Miezi ile yote ya kuchimba vizibo vya soda na vipande vya majembe sitaisimulia. Aliyewahi kushika mashine anaijua.

Siku yenyewe nilikuwa shambani kwa mjomba, nje kidogo ya mji, chini ya kilima. Mjomba alikuwa ameniruhusu kabla hajapanda. Asubuhi ile nilikuwa nimeshaokota maganda ya risasi saba na kipande cha kopo la bati lililooza. Mashine ikatoa mlio safi, wa juu, usiokatika. Chuma cha kutu hulia kwa kukwaruza, shaba huimba. Nikapiga jembe. Hapo ndipo kosa la kwanza, maana nilipiga karibu mno, na ncha ya jembe ikapita juu ya kitu chenyewe. Nilipokitoa kwenye udongo mwekundu nikakuta kiduara cha shaba, kikubwa kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, kimevaa kutu ya kijani, katikati kichwa cha mnyama mwenye pembe mbili, na kwenye pembe ya kushoto mkwaruzo mpya unaong'aa. Huo wa jembe langu.

Nashukuru jambo moja: nilipiga picha palepale. Picha moja tu, ya haraka, kwa ajili ya kumrushia rafiki. Kwenye ukingo, chini ya kutu, zilisomeka herufi chache upande mmoja, NGTH, na upande wa pili DRACHT.

Dracht! Nani angebisha? Hilo si neno la Kiingereza. Mjerumani huyo, tena wa wazi. Nilikimbia nyumbani.

Nyumbani mambo yakawa mengine. Jirani alipoona kichwa chenye pembe ndani ya duara akasema hiyo ni alama ya Freemason, kichwa cha mbuzi. Mama yangu akasema kitu hicho hakilali ndani ya nyumba yake, na hakikulala. Kililala kwenye banda la kuku ndani ya kopo la maziwa. Asubuhi nikakichukua, nikakata ndimu, nikachota majivu jikoni, nikakaa kwenye kigoda nikasugua. Nilisugua kwa furaha kabisa. Kila kutu ilipotoka nilijiona naisogelea bei. Nilipomaliza, pembe zilikuwepo, macho hayakuwepo, na herufi nilizozisoma jana yake hazikusomeka tena isipokuwa kwa kupapasa na ukucha.

Wiki ya pili nikampelekea mtu Dodoma aliyekuwa akinunua sarafu na vitu vya kale. Aliweka lenzi jichoni, akaigeuza mara mbili, akasema: "Mjerumani aliyesuguliwa namna hii hana bei. Ungeniletea na kutu yake ningekupa mara tano." Akanipa shilingi elfu thelathini. Nilikuwa nadaiwa mbegu. Nikapokea. Naandika haya miaka mingi baadaye na bado nakumbuka alivyoitumbukiza kwenye mfuko wa shati bila hata kuifunga kwenye karatasi.

Mwaka 2019 nilikuwa Dar es Salaam nikimsindikiza mama kliniki. Nikiwa kwenye daladala barabara ya Bagamoyo, foleni ikatukamata mbele ya yale makaburi ya vita. Nimepita pale mara nyingi bila kugeuza shingo. Siku ile joto lilikuwa kali, nikashuka, nikaingia ndani kutafuta kivuli. Nyasi zimekatwa vizuri, mawe yamepangwa mistari, mtunza bustani anamwagilia maji. Akaniambia makaburi yale ya Vita ya Kwanza ya Dunia hayakuwa pale zamani, yalihamishwa mwaka 1968 kutoka Ocean Road kupisha barabara. Nikawa natembea nasoma majina. Halafu nikasimama.

Kwenye jiwe lilichongwa duara, na ndani ya duara kichwa cha mnyama mwenye pembe mbili zilizojipinda kuelekeana kama mbao za kinubi. Kwenye duara maneno: UNION IS STRENGTH. Upande wa pili EENDRACHT na maneno mengine yake.

Nilitoa simu nikaitafuta ile picha ya shambani. NGTH. DRACHT. Nikachuchumaa pale kwenye jua nikalinganisha herufi kwa herufi.

Hakuwa mbuzi. Alikuwa swala, yule wa kusini ambaye huku kwetu hayupo, nembo ya majeshi ya Afrika Kusini. Na neno lile halikuwa la Kijerumani, lilikuwa la Kiholanzi, kwa sababu Muungano wa Afrika Kusini uliozaliwa mwaka 1910 ulikuwa na lugha rasmi mbili, Kiingereza na Kiholanzi, kabla Kiafrikana hakijaingizwa mwaka 1925. Maneno yote mawili yanasema kitu kimoja, na kila mtoto wa shule Tanzania anakijua: umoja ni nguvu.

Kumbe beji yangu ilikuwa ya adui wa Mjerumani! Ilikuwa ya Kaburu au Mwingereza wa Afrika Kusini, mmoja wa wale walioteremka kutoka upande wa Arusha chini ya Jenerali van Deventer wakaingia Kondoa katikati ya Aprili 1916. Van Deventer mwenyewe alikuwa Kaburu aliyewahi kupigana na Waingereza kwao, na sasa anawapigania. Mvua za mwaka ule ziliwafungia Kondoa. Farasi wao walikufa kwa ndorobo, chakula hakikufika, malaria ikawalaza. Usiku wa tarehe 9 Mei askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakawapandia vilimani, wakarudishwa kwa risasi. Vilima hivyo ndivyo mjomba wangu analima mtama chini yake.

Ushahidi ulikuwa mfukoni mwangu tangu siku ya kwanza, nami sikuusoma. Yale maganda saba. Nilikuwa nimeyatupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu kama takataka. Niliporudi Kondoa niliyatafuta, nikayapata manne. Yote yalikuwa na mdomo uliotokeza kwenye kitako, yaani ganda la bunduki ya Kiingereza ya .303, na moja limepigwa VII, alama ya risasi ya toleo la saba iliyoanza kutumika mwaka 1910. Ganda la Mauser ya Kijerumani ya milimita 7.92 kitako chake hakitokezi, kina mfuo umechongwa kuzunguka. Na askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, zinazofuka moshi, ambazo ganda lake ni nene kama kidole, milimita 11. Ningeyaangalia maganda yale dakika tano tu, nisingesema Mjerumani.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Same, na wewe mwenye ditekta unayesoma hapa, nisikilize. Beji haisomwi peke yake. Iko na majirani zake ardhini, na majirani ndio wanaoitaja jina. Kila kilichotoka shimo lile na mashimo ya jirani kiweke mfuko mmoja, uandike tarehe na mahali. Ukivichanganya kwenye ndoo umeshachana cheti chake cha kuzaliwa.

Usiisugue. Nasema tena, usiisugue. Maji matupu na mswaki laini, basi. Ndimu ni asidi, majivu ni msasa, steel waya usiiguse kabisa. Ile kutu ya kijani kwa kawaida haiharibu herufi, wewe ndiye unayeziharibu.

Piga picha mbele na nyuma, jua likiwa la asubuhi, likiingia kwa ubavu, ili herufi zitoe vivuli. Weka rula au sarafu kando. Nyuma ndiko watu hawaangalii, na nyuma ina maneno mengi. Vitanzi viwili vilikuwa vya kupitishia pini. Kiulimi kirefu kilikuwa cha kuchomeka kwenye kofia. Kifungo cha nguo mara nyingi kimeandikwa jina la kiwanda, la London au Birmingham. Ukiona taji, tazama matao yake. Yakiwa yamepanda mviringo kama kuba, ni taji la wafalme, na kwa beji za zamani ni kati ya 1901 na 1952. Yakiwa yamebonyea katikati, ni la enzi za Malkia Elizabeth, na hapo usiniambie habari za Mjerumani wala za 1916. Wapo wanaouziana beji za miaka ya hamsini kama za Vita ya Kwanza, na mnunuzi anafurahi kwa sababu hajui kutazama taji.

Na soma herufi zote, hata usizozielewa. Hasa usizozielewa. Mimi niliona DRACHT nikafurahi badala ya kuuliza.

Jambo jingine nalisema kwa uzito. Usichimbe popote unapotaka. Nchi hii ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na kufukua vitu vya kale bila kibali ni kosa. Kwetu Kondoa, kule Kolo kwenye michoro ya miambani, mashine usiitoe hata kwenye begi. Kitu ukikutana nacho wakati wa kulima, kipeleke kwa watu wa Mambo ya Kale wakione. Na ukikuta chuma kizito chenye umbo la chupa iliyochongoka, ondoka uite polisi, huenda ni bomu la mzinga. Kondoa ilipigwa kwa mizinga, mmoja wapo ukiwa wa ile meli ya Königsberg iliyozamishwa Rufiji. Wapo watoto wanaocheza kwenye mashamba hayo.

Watu huniuliza kwa nini nalia na beji ya Kaburu aliyekuja kupigana vita isiyotuhusu. Nawajibu hivi. Yule Kaburu ana jiwe. Ana jina, ana nembo ya swala, ana mtu wa kumwagilia nyasi. Wapagazi waliobeba unga na risasi zake, waliochukuliwa kutoka vijiji vyetu na vya Kenya, wengi hawana hata mstari mmoja. Kariakoo tunayokwenda kununua vitenge ina jina la kikosi chao cha wabebaji. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mpagazi hakuvaa beji ya kichwa cha swala. Akidondosha kitu shambani kwa mjomba, ni kitu kidogo mno kwa ditekta yangu. Kilichobaki cha kutuonyesha kwamba alipita hapo ni vitu vya wale aliowabebea, vikiwa mahali pake. Ukikichomoa bila kuandika mahali, umemfuta na yeye.

Kijana wa Same amenijibu jana. Hakuwa ametupa maganda, yako matatu, na udongo bado umo. Nimemwambia asiyaoshe.

Ile yangu sijaipata. Mtu wa Dodoma alishahama, simu yake haipatikani. Kama unayo, utaijua: swala hana macho, herufi zimelala, na kwenye pembe ya kushoto kuna mkwaruzo wa jembe kutoka juu kushuka kulia. Sitakuuliza uliipataje. Niandikie, nitakuja nayo hiyo elfu thelathini mara tano.