Spika ya bluetooth: ipapase kwanza ndiyo uisikilize

Mkuu, umeuliza kati ya JBL Flip 6, Bose SoundLink Flex na zile za kichina za bei chee uchukue ipi ya dukani kwako, na wadau wote wamekujibu habari za besi. Besi utaizoea ndani ya wiki moja. Utakachogombana nacho kila siku ni vitufe.

Mimi ni kinyozi. Spika yangu inakaa kwenye rafu juu ya kioo, siioni, naipapasa tu, tena kwa mkono wenye povu au mafuta. Kwa hiyo hizi spika nazijua kwa kidole gumba.

Nilianza na ya kichina. Ile kitufe cha kupunguza sauti ndicho hichohicho cha kurudisha wimbo nyuma: ukigusa unarudi nyuma, ukishikilia sauti inashuka. Sasa simu inaita, mzee wa watu yuko kwenye kiti shingo wazi, wembe mkono wa kulia. Natupa mkono wa kushoto juu, naguuusa, wimbo unaanza upya kwa kelele ileile. Narudia, naganda na kitufe, spika inanyamaza kabisa. Halafu kuna kitufe cha M, cha kubadilisha unachosikiliza. Ukiipitia kwa bahati mbaya unatoka bluetooth, unaingia redioni, chwaaa! Ukibonyeza tena unaenda kwenye memori kadi, na lazima umalize mzunguko wote ndiyo urudi ulikotoka. Na yule dada wa Kiingereza anayetangaza kwamba imewaka, hana sauti ya chini. Saa kumi na mbili asubuhi nyumbani kwangu aliamsha watoto wote.

Ila tusiionee. Ina redio ya FM na inakula memori kadi na flashi. Flip 6 na SoundLink Flex hazina hata kimoja kati ya hivyo. Kama wateja wako ni watu wa kusikiliza mpira redioni, hapo hesabu inabadilika.

Kwenye Flip 6, alama za kujumlisha na kutoa zimechomoza juu ya kitambaa, kubwa, hukosei. Cha kucheza ukikibonyeza mara mbili unaruka wimbo. Cha kuwasha na cha bluetooth vimewekwa pembeni, mbali na hivyo, na mimi hapo nawapa heko, maana huwezi kuizima ukitafuta sauti. Haiongei, inatoa milio tu, na chaji unaisoma kwenye kijistari cha taa. Kwenye rafu ya juu kama yangu kile kijistari ni pambo, siwezi kukiona. Ukiwa na mpango wa kuunganisha spika mbili, angalia toleo: PartyBoost yake, yaani mfumo wake wa kuunganisha spika, haielewani na zile JBL za zamani zenye mfumo wa Connect+, kama Flip 4.

Flex ni ya shemeji, nilikaa nayo wiki tatu. Vitufe vyote vitano viko mstari mmoja juu, kwenye mpira. Ukiiwasha inakutajia asilimia ya chaji na jina la simu iliyoshika. Saluni kila mtu ana simu yake na kila mtu ni DJ, kwa hiyo kutajiwa simu ya nani imeshika kunamaliza ubishi. Kitufe cha katikati: mara moja kusimamisha, mara mbili mbele, mara tatu nyuma. Ile ya mara tatu inataka kidole chepesi. Fundi mwenzangu hakuiweza mpaka inaondoka. Ukichoshwa na maneno yake, unayazima kwenye programu ya simu.

Kuna mdau kataja UE BOOM 3. Ile wameweka + na − kubwa ubavuni, hata mtoto anaiendesha, na ukizibonyeza zote mbili kwa pamoja inakuambia chaji iliyobaki. Soundcore 2 ya Anker alama zake zina rangi ileile ya mwili wake. Kidole kinaziona, macho gizani hayazioni.

Kwako wewe, kama spika itakaa kaunta mbele ya macho, Flip 6 inatosha. Ikikaa juu, Flex. Ila kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aiwashe, igeuzie mgongo, upunguze sauti kwa mkono wa kushoto bila kuangalia. Akikushangaa mwache ashangae, wewe rudia mara tatu.