Indiketa za LED kupepesa haraka kwenye pikipiki

Umeweka indiketa za LED na sasa zinapepesa haraka: badilisha flasha tu (kile kifaa kidogo kinachozifanya indiketa ziwake na kuzima), mkuu, waya hazina kosa. Flasha ya zamani inategemea umeme unaovutwa na balbu. Balbu mbili za wati 10 upande mmoja zinavuta karibu ampea 1.7 kwenye volti 12, LED hazifiki hata robo ya hapo. Flasha inadhani balbu imeungua, ndiyo maana inakimbia, au inagoma kabisa. Nunua flasha ya elektroniki ya LED, uangalie pini ziwe sawa na za ile unayotoa (2 au 3) na waya zikae mahali pake. Resista (vipande vinavyoungwa ili umeme unaovutwa uongezeke) nazo zinafanya kazi, ila zinachemka sana na zinaweza kuyeyusha plastiki iliyo karibu, mimi siziwekei mteja.

Zikiwaka zote nne kwa pamoja ukiwasha upande mmoja, tatizo ni ile taa moja ya indiketa kwenye dashibodi. Umeme unapita humo na kuvuka upande wa pili. Dayodi mbili za 1N4007 (vipande vinavyopitisha umeme kuelekea upande mmoja tu) zinamaliza kazi: kila upande unapitia yake hadi kwenye taa, na mguu wa pili wa taa unaenda ardhini (hasi ya betri).

LED za mbele unazotaka ziwake muda wote, chukua umeme kwenye waya unaopata umeme ukifungua swichi ya funguo, na uweke fyuzi. Usiunge kwenye waya wa taa kubwa bila kupima: pikipiki nyingi ndogo taa hiyo inalishwa moja kwa moja na koili za injini, siyo betri, na LED zitachezacheza au kuungua.